Unga wa betri ya gari ni sumu: tuwakinge watoto wetu



Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Kinama, Muyinga, sisi wahamasishaji wa afya tunakuta betri za gari katika baadhi ya nyumba. Betri hizo zinasaidia: zinawasha taa na redio, na zinachaji simu. Shida huanza betri inapokufa. Mwingine huiacha nje na watoto wakaichezea. Mwingine huipasua ili apate risasi ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma vya zamani. Soma makala hii, kisha mweleze na jirani yako.

RISASI NI NINI?

Risasi ni chuma kizito, laini, chenye rangi ya majivu. Waliovua samaki Uvira au Baraka wanaijua: ndivyo vile vipande vinavyozamisha wavu. Huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, kwa hiyo hata moto wa mbabula unaiyeyusha.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Sehemu kubwa imegeuka kuwa unga uliopakwa kwenye vibao vya ndani. Unga wa kahawia ni oksaidi ya risasi. Betri inapoisha nguvu, hujitokeza unga mweupe, ambao ni salfeti ya risasi. Pia kuna maji ya asidi yanayounguza ngozi na macho.

Unga huu una faida yake, kwa kuwa ndio unaofanya betri itunze umeme. Oksaidi nyekundu ya risasi ilitumika sana katika rangi za kuzuia kutu kwenye milango na madaraja. Ukiwa umefungwa ndani ya boksi lake, haumdhuru mtu. Boksi likipasuliwa, unga unakuwa vumbi, na vumbi hilo halina harufu ya kukuonya.

INAINGIAJE MWILINI?

Inaingia kwa njia mbili: kwa kumeza na kwa kuvuta vumbi au moshi. Mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole mdomoni. Fundi hurudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, kisha hubeba mtoto.

Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Ikishaingia hukaa ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Mama akiwa mjamzito, hutoka kwenye mifupa yake na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Huko Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani. Mwaka 2009 Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mtoto wake mchanga aliugua sana. Walimpima malaria na homa ya matumbo wasione kitu. Kipimo cha damu ndicho kilichoonyesha risasi. Mama huyo alipigania mtaa wake mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Usifikiri ni viwanda tu. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegali, watu wa kawaida walichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Kazi hiyo waliifanya hata majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa.

DALILI

- Tumbo kuuma na kufunga choo
- Kukosa hamu ya kula, kupungua uzito
- Upungufu wa damu, uchovu
- Kuwa na hasira, kushindwa kufuata masomo
- Sumu ikizidi: kutapika sana, degedege, kupoteza fahamu

Dalili hizi zinafanana na za malaria na minyoo. Wengine husema mtoto amerogwa. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto kituo cha afya, mwambie muuguzi wazi: «Nyumbani kwetu kuna betri iliyopasuliwa.» Neno hilo moja linaweza kumwokoa. Lakini watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni, huku akili yao ikidhurika, na akili iliyodhurika hairudi yote.

UFANYE NINI?

1. Usipasue betri wala kuyeyusha risasi nyumbani, na kamwe usifanye hivyo kwenye mbabula au sufuria ya chakula.
2. Weka betri wima, mahali penye hewa, mbali na watoto, chakula na maji.
3. Betri iliyokufa iuzwe ikiwa nzima. Usiitupe chooni, shambani wala karibu na bomba la maji.
4. Fundi, iwe unafanya kazi hapa Muyinga au mjini Gitega: nawa kwa sabuni kabla ya kula, badilisha nguo kabla ya kuingia nyumbani, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.
5. Unga ukimwagika, usifagie pakiwa pakavu. Nyunyiza maji, futa kwa kitambaa, kisha mwambie kiongozi wa kartie.
6. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20, halafu kimbilia kituo cha afya.
7. Wanawishe watoto mikono kabla ya kula. Wape maharage, lengalenga, sombe na ndagala. Mtoto mwenye njaa au aliyepungukiwa damu hufyonza risasi zaidi.

TUSIDANGANYANE

Kunywa maziwa hakuondoi sumu ya risasi mwilini. Kuchemsha maji hakuondoi risasi, wala dawa ya klorini haiondoi. Mama anayenyonyesha asimwachishe mtoto kwa hofu. Kwanza azungumze na muuguzi.

Tunajua pesa ya risasi inasaidia kununua chumvi na sabuni. Lakini betri ikiuzwa nzima pia inaleta pesa, na mtoto anabaki mzima.

Kinga ni bora kuliko tiba.