Picha ya Sumaku na Saratani ya Tezi Dume: Je, Dawa ya Kung'arisha ni Lazima?

Yako maradhi ambayo wanaume huona haya kuyataja hata mbele ya wake zao. Mojawapo ni saratani ya tezi dume. Hapa Kigwa, penye njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, babu zetu walisifiwa kwa kubeba mizigo mizito bila kunung'unika. Sifa hiyo ni njema, lakini ugonjwa si mzigo wa kubebwa kimya kimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwaka 2022 wanaume wapatao 1,470,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hiyo, na karibu 397,000 walikufa kwayo. Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Mzee akikojoa kwa shida si lazima awe na saratani. Mara nyingi tezi imekua tu kwa sababu ya umri. Tena saratani ikiwa bado changa, mara nyingi haina dalili yo yote. Kwa hiyo mwanamume aliyetimiza miaka 50, au aliye mdogo kidogo lakini baba au ndugu yake aliugua, yafaa amwone daktari washauriane juu ya kipimo cha damu kiitwacho PSA.

Kipimo hicho kikitia shaka, daktari aweza kumpeleka mgonjwa kwenye mashine ya MRI, iliyoko katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam au Benjamin Mkapa ya Dodoma. Mashine hii haitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio, nayo maji yaliyomo mwilini huyajibu mawimbi hayo, ndipo picha ikatokea.

Picha zenyewe ni kama mashahidi watatu barazani. Wa kwanza huonyesha umbo la tezi. Wa pili huonyesha mwendo wa maji: penye saratani chembe zimebanana kama watu mnadani, maji hayapiti kwa urahisi. Wa tatu huhitaji dawa ya kung'arisha, ambayo huchomwa mshipani. Ndani yake mna madini ya gadolini, yaliyofungwa vema yasidhuru mwili. Saratani huwa na mishipa mingi ya damu inayovuja, basi dawa hufika hapo upesi, na mahali hapo hung'aa pichani.

Je, shahidi wa tatu ni lazima? Mwaka 2025 ulitolewa utafiti uitwao PRIME, uliofanywa kwa wanaume 490 katika nchi 12. Picha mbili bila dawa ziligundua saratani ya hatari kwa wanaume 29 katika kila 100, na picha tatu pamoja na dawa karibu vivyo hivyo.

Habari hii ni kubwa kwa watu wa mashambani. Dawa ina gharama yake na huongeza muda wa kulala mashinini. Tena mwenye figo zilizoharibika sana, baadhi ya dawa hizo zaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ngozi kukakamaa. Jamaa wasiuze ng'ombe wa pili kwa ajili ya dawa ambayo pengine haihitajiwi.

Hata hivyo, tusikimbilie kuikataa. Utafiti ule ulihitaji picha safi na wasomaji hodari. Picha ikiwa na ukungu, au mgonjwa akiwa amekwisha kutibiwa na saratani yadhaniwa kurudi, dawa yaweza kuwa na faida. Basi muulize daktari kwa adabu: "Je, kwangu mimi dawa hii ni ya lazima?" Mweleze pia kama una ugonjwa wa figo, au chuma mwilini, au mashine ya moyo. Na ujue kwamba picha peke yake haikati shauri. Kinyama kidogo hutolewa kwenye tezi kikapimwe.

Enyi akina mama, wasihini waume zenu. Enyi vijana, wasindikizeni baba zenu hospitali. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Basi tumwendee mapema, tungali na nguvu ya kutembea.