Ukitoka Usenge na mgonjwa wa saratani, hesabu siku

Tuseme uko Usenge. Chuo kimefunga na uko nyumbani. Ni asubuhi, omena imetandazwa juani ufuoni, boti kutoka kisiwa cha Mageta limeshashusha watu, na makanga anaita "Bondo, Kisumu!" kama vile hakuna gari jingine litakalotoka leo.

Dada yako anaingia na mtoto wake wa miaka sita. Shavu la mtoto limevimba upande mmoja, na jino moja linacheza. "Ni jino tu," dada yako anasema. Lakini wiki mbili zilizopita shavu halikuwa hivyo, na dawa ya maumivu aliyopewa haijasaidia kitu.

Wewe ndiye una simu yenye bando. Wewe ndiye unaijua Kisumu. Basi wewe ndiye utatumwa. Vijana wengi wa ziwani huijua hospitali kwa mara ya kwanza kwa mlango huo, wakiwa wamesindikiza mgonjwa, wamebeba faili ya mtu mwingine. Makala haya ni yako, msindikizaji.

Jino ambalo si jino

Mara nyingi shavu likivimba, ni jino kweli. Lakini huku kandokando ya ziwa kuna saratani ya watoto ambayo huanza hivyohivyo, kwenye taya, na wakati mwingine tumboni. Inaitwa limfoma ya Burkitt, na wengi wanaoipata ni watoto wa kati ya miaka minne na tisa.

Jina hilo lilitoka kwa jirani zetu Uganda. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha maelezo kuhusu watoto aliowaona wakiwa na uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari, wakazunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika wakiuliza kama ugonjwa huo unaonekana huko. Walichogundua ni kwamba unapatikana zaidi mahali penye joto, mvua nyingi na malaria. Nyanza imo humo. Mwaka 1964 wanasayansi jijini London wakakuta ndani ya seli za uvimbe huo virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Leo wataalamu wanasema virusi hivyo, pamoja na malaria ya kurudiarudia utotoni, ndivyo huutengenezea ugonjwa njia.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapa. La kwanza: ni saratani yenye mbio sana. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. La pili, na hili watu wengi hawalijui: ni mojawapo ya saratani zinazosikia dawa vizuri zaidi. Mtoto akifika mapema na akatibiwa inavyotakiwa, anaweza kupona kabisa na kurudi shule.

Kwa hivyo kati ya kupona na kuzikwa kuna siku. Unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Siku hupotelea wapi?

Hebu tuzifuate. Wiki ya kwanza inaishia nyumbani: maji ya chumvi, mitishamba, maombi, "tungoje kidogo." Ya pili, jino linang'olewa, lakini uvimbe unabaki palepale. Kisha zahanati, antibayotiki za siku saba, rudi tena. Kisha barua ya kwenda Bondo au Siaya. Kisha Kisumu, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Hapo ndipo watoto wengi wa Nyanza wenye saratani hii hupelekwa.

Ukifika Kisumu unaweza kudhani safari imeisha. Kumbe ndiyo imeanza. Daktari hawezi kutoa dawa za saratani kwa kutazama shavu tu. Lazima sampuli ichukuliwe, ama kwa sindano ama kwa kukata kipande kidogo. Kipande kilichokatwa lazima kihifadhiwe vizuri kwenye fomalini, kiandikwe jina sahihi, kifike maabara, na mtaalamu wa patholojia akisome kwa darubini. Wataalamu hao ni wachache nchini. Sampuli ikiharibika, mnaanza upya. Majibu yakitoka na hakuna aliyekupigia simu, yanalala kwenye droo huku uvimbe hauna habari ya kulala.

Hata dawa zikianza, bado kuna kazi. Burkitt ikipigwa na dawa, seli zake hufa nyingi kwa mpigo, na takataka zake zinaweza kuzidi nguvu ya figo. Ndiyo maana mtoto huwekewa maji mengi ya dripu, hupewa dawa za kulinda figo na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa kadhaa za msingi ni zilezile Kisumu na Ulaya. Sehemu ya tofauti huletwa na mambo haya ya pembeni.

Na tofauti yenyewe ni kubwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto hao duniani wanapona ifikapo 2030.

Ubora haukatiwi utepe

Wanasiasa wetu wakizungumzia saratani, utasikia jengo na mashine. Usinielewe vibaya, mashine zinahitajika. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali ya umma aliyehitaji tiba ya mionzi alijua ni Kenyatta, Nairobi, na foleni yake. Kufunguliwa kwa vituo vya Nakuru, Mombasa na Garissa kulikuwa hatua kubwa.

Lakini mashine haimpigii simu mama wa Usenge aliyekosa kurudi kwa raundi ya tatu. Haijui kwamba kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na miezi hiyo nauli ya Kisumu ni shida.

Kwa hivyo viwango vya kweli hupimwa kwa tarehe. Chukua saratani ya matiti. Mwaka 2023 WHO ilitoa malengo matatu ambayo hata wewe unaweza kuyashika: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe ugonjwa ukiwa bado katika hatua mbili za kwanza, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 wamalize matibabu yao. Siku 60! Kama mama yako alionyesha uvimbe Januari na ni Mei bado mnaambiwa "majibu yanakuja," sasa unajua muda huo umepita kiwango. Na kwa Burkitt, siku 60 ni nyingi mno.

Programu nzuri ya saratani hufanya jambo ambalo halipigwi picha. Inaandika kila mgonjwa alifika lini, sampuli ilichukuliwa lini, majibu yalitoka lini, dawa ya kwanza ilitolewa lini, na mwaka mmoja baadaye yuko wapi. Kila mwezi wahudumu wanakaa chini, wanatafuta pengo refu zaidi, wanalirekebisha hilo kwanza. Hospitali isiyojua wangapi kati ya wagonjwa wake wa mwaka jana wako hai haiwezi kujua kama inaboreka.

Utasema hayo ni ya Ulaya. Basi sikiliza ya hapa. Wasichana na wanawake vijana 2,275, wenye umri wa miaka 15 hadi 20, kutoka Kisumu, Thika na Nairobi, walishiriki katika utafiti unaoitwa KEN SHE. Swali lilikuwa: je, dozi moja tu ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inatosha? Walifuatiliwa mwezi baada ya mwezi. Matokeo ya miezi 18 yalichapishwa 2022: kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo. Mwaka huohuo WHO ikakubali dozi moja itumike.

Hao ni watu wa rika lako. Kama inawezekana kumfuatilia msichana wa Kisumu mwaka mzima na zaidi kwa ajili ya utafiti, inawezekana kumfuatilia mtoto wa Usenge kwa ajili ya matibabu. Ni bajeti na utaratibu tu ndivyo vinavyotakiwa.

Maswali matano, daftari moja

Sasa turudi kwenye matatu. Kabla hujapanda, nunua daftari dogo. Ukifika, uliza haya, kwa adabu. "Sista, naomba kuuliza" inafungua milango mingi kuliko kelele.

Swali la kwanza: sampuli imepelekwa maabara gani, na majibu yatatoka tarehe ngapi? Usikubali "baadaye." Omba tarehe, omba namba ya sampuli, na uulize ni nani wa kumpigia siku hiyo ikipita.

Swali la pili: ni saratani gani hasa, na imefika wapi? Omba waandike jina lake. "Uvimbe mbaya" si jibu, kwa sababu kila saratani ina dawa zake.

Swali la tatu: mpango ni upi? Dawa gani, raundi ngapi, kila baada ya siku ngapi. Dozi ya mtoto hutegemea mwili wake, kwa hivyo lazima apimwe uzito kila mara. Ukiona hajapimwa, sema tu, "Daktari, leo hajapimwa uzito." Hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Swali la nne: akipata homa usiku tukiwa Usenge, tufanye nini? Dawa za saratani hushusha chembe zinazopigana na magonjwa. Homa baada ya dawa hizo ni dharura. Hamngoji asubuhi. Jua mapema mtakimbilia hospitali gani iliyo karibu, na uwe na namba ya wodi.

Swali la tano: SHA inalipa nini na sisi tunalipa nini? Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Hakikisha dada yako na mtoto wamesajiliwa kabla ya safari, na uliza kiasi kilichobaki kwa mwaka, ili msikwame katikati ya raundi.

Kuuliza si kujifanya wakili. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kama dani ndiye anayemlea mtoto na haelewi Kiingereza, ana haki ya kuelezwa kwa Dholuo. Wewe usimtafsirie nusu kwa kuogopa kumshtua. Yeye ndiye atakayekuwa na mtoto usiku wewe ukiwa umerudi chuo.

Na tuseme ukweli, si kila siku inapotelea hospitalini. Zile wiki mbili za maji ya chumvi ni zetu. Muuguzi unayemuuliza huenda ana foleni ya watu wengi nyuma yako, na yeye pia amechoka. Lakini tarehe zilizoandikwa kwenye daftari lako zinamsaidia hata yeye. Siku hospitali au kaunti ikiulizwa kamba imekatikia wapi, tarehe hizo ni ushahidi. Malalamiko ya "walituchelewesha" husahaulika. "Sampuli tarehe tatu, majibu tarehe ishirini na saba" hayasahauliki kirahisi.

Mwishowe utarudi shuleni au kazini, na daftari litabaki na dada yako. Muonyeshe pa kuandika. Mpe namba ya wodi, na namba ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, ili akikosa nauli aseme kabla raundi haijampita, si baada.

Makanga bado anaita. Mtoto amelala begani kwako, shavu lake lina joto. Fungua ukurasa wa kwanza uandike tarehe ya leo, kisha umuulize dada yako uvimbe ulianza lini, uiandike na hiyo juu yake. Daktari ataanza na swali hilo.