Mtoto Ana Homa, Malaria Hana

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, malaria unaiacha bondeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa katika Usambara, kutoka mita 300 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari, maambukizi yake hupungua zaidi ya mara 1,000. Basi mtoto wa Lukozi, huko juu Lushoto, akichemka na kipimo kikasema malaria hana, tunamwambia mama: hiyo ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Amoksilini inatolewa, na mkojo haujapimwa.

Kubahatisha huko hukosea mara nyingi. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara. Wenye UTI walikuwa asilimia 5.9 tu. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi, na virusi havisikii antibiotiki.

Hata hivyo, mwenye UTI ya kweli si wa kupuuzwa. Bakteria, kwa kawaida E. coli wa kwenye kinyesi, wakipanda hadi kwenye figo huweza kuacha makovu. Kichanga hasemi kwamba mkojo unamchoma. Atapata homa, atatapika, atakataa ziwa.

Kwa hiyo mkojo ukingwe, tena kwa usafi. Mama amsafishe mtoto na kumpakata, mwenzake amsugue chini ya kitovu kwa kitambaa chenye maji baridi. Huko Melbourne njia hii, iliyochapishwa mwaka 2017, ilifanya watoto 31 kati ya 100 wakojoe ndani ya dakika tano. Bila kusuguliwa, 12. (Lushoto mwezi Julai, maji ya bomba yanatosha kabisa.) Kikopo kiwahishwe maabara, maana bakteria huzaana humo humo.

Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha naitraiti, shaka inapungua sana. Kisipoonyesha, usifunge shauri: bakteria huhitaji kama saa nne kibofuni kuitengeneza, na kichanga hukojoa kabla. Kuotesha mkojo maabara ndiko kunakotaja mdudu na dawa inayomuua.

Na hilo ndilo muhimu hapa kwetu, kwa sababu E. coli wengi nchini wamekuwa sugu kwa ampisilini na kotrimoksazoli. Nitrofurantoini inafaa kwa kibofu, lakini haifiki kwenye figo kwa kiwango cha kutibu, hivyo mwenye homa kali asipewe hiyo. Mtoto wa chini ya miezi miwili, au anayetapika kila kitu, ni wa hospitali na sindano. Mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, kisha dawa ianze bila kungoja majibu ya kuotesha. Homa ikiendelea baada ya saa 48, arudishwe.