Kufikiri Polepole Si Kupungukiwa Akili

Mgonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, anayetembea vizuri hulaumiwa zaidi kuliko anayetembelea magongo. Wa magongo kila mtu anamwona anaumwa. Huyu mwingine anasahau ahadi, anachelewa kujibu swali la bosi wake, anarudia ukurasa ule ule mara tatu, na watu wanasema siku hizi amekuwa mzembe.

Shida hii ya kukumbuka na kufikiri ilionekana zamani. Mwaka 1868 daktari Jean-Martin Charcot, akifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliueleza ugonjwa huu na kutaja kwamba kumbukumbu za wagonjwa hudhoofika na mawazo yao huja taratibu. Hata hivyo, kwa miaka mingi matabibu walishughulika zaidi na miguu na macho. Leo inakadiriwa kwamba katika kila wagonjwa 100, kati ya 40 na 65 hupata shida ya namna hii, na wengi wao ni vijana, kwani ugonjwa huanza sana sana katika umri wa miaka 20 hadi 40.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta uitwao mayelini, unaofunika nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Utando ukiharibika, taarifa husafiri kwa kusuasua. Ndiyo maana kinachoathirika mwanzo mara nyingi ni kasi ya kufikiri, pamoja na uwezo wa kujifunza mambo mapya. Lugha na maarifa ya siku nyingi kwa kawaida hubaki salama. Kasi hiyo hupimwa kwa karatasi moja na saa: mgonjwa huonyeshwa alama tisa, kila moja na tarakimu yake, kisha kwa sekunde 90 hutaja tarakimu za alama nyingi kadiri awezavyo. Anaweza kuzitaja kwa Kiswahili.

Tiba ya utengamao, yaani ya kumsaidia mgonjwa kumudu maisha ya kila siku, huanzia kwenye shida hizo za kasi na za kujifunza. Watafiti wa Kessler Foundation, New Jersey, Marekani, walitambua kwamba kwa wagonjwa wengi tatizo kubwa ni namna taarifa inavyoingia kichwani tangu mwanzo. Wakawafundisha kuliona jambo kwa jicho la akili na kulifungia ndani ya kisa. Ukitumwa sabuni, nazi, barua na kandambili, unamwona mtu akivua kandambili, anaosha nazi kwa sabuni, halafu anaifunga kwa barua. Kisa cha kipuuzi, lakini hakitoki kichwani! Katika utafiti wao uliochapishwa 2013, wagonjwa 86 walishiriki. Waliofundishwa mbinu hiyo kwa vipindi 10 katika wiki tano walijifunza vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakufundishwa.

Lakini tusitie chumvi. Huko Uingereza, utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa 2020 uliwahusisha watu 449, baadhi yao wakapewa mafunzo ya kumbukumbu katika vikundi kila wiki kwa wiki 10. Baada ya mwaka mmoja, mzigo wao wa kisaikolojia wa ugonjwa haukutofautiana na wa wenzao kwa kiwango cha maana, ingawa usahaulifu wa kila siku na hali ya moyo vilikuwa afadhali kidogo. Kwa maoni yangu, anayekuahidi kuurudisha ubongo kama zamani anakuuzia maneno. Faida ya kweli iko kwenye daftari, kengele ya simu, kazi ngumu kufanywa asubuhi kabla ya uchovu na joto, na nyumba ambayo televisheni huzimwa watu wakizungumza.

Sonona na kukosa usingizi pia huleta usahaulifu, navyo vina tiba, hivyo vichunguzwe kwanza.

Kama umegundulika na ugonjwa huu, mwombe daktari akupime kasi ya kufikiri sasa, hata kama huoni shida. Matokeo yaandikwe kwenye faili lako, na kipimo kirudiwe kila mwaka.