Sosi Nyeupe ya Alabama

Katika mji wa Decatur, ulio kando ya mto Tennessee upande wa kaskazini wa jimbo la Alabama nchini Marekani, kuku aliyeiva kwa moshi wa kuni za hikori hapakwi sosi nyekundu ya nyanya iliyo mashuhuri katika majimbo mengine, bali hutoswa, angali akifuka, ndani ya chombo kilichojaa sosi nyeupe ya mayonesi yenye ukali wa siki na pilipili manga. Mwasisi wa sosi hiyo ni Robert Gibson, mtumishi wa reli aliyeitwa Big Bob kwa ukubwa wa kiwiliwili chake, ambaye alianza kuuza nyama za kuchoma mwaka 1925, na mkahawa wenye jina lake ungalipo mjini humo.

Wako wanaokirihika wakisikia mayonesi ikimiminwa juu ya nyama ya kuchoma, lakini ilikuwa hekima kubwa kuichagua, kwani kuku hana shahamu nyingi, na akikaa motoni kwa muda mrefu hukauka; mafuta ya mayonesi humrudishia ulaini, ilhali siki huzuia mafuta hayo yasikinaishe.

Chukua mayonesi vikombe 2, siki kikombe 1, maji ya matufaha nusu kikombe, maji ya ndimu na pilipili manga vijiko vidogo 2 kwa kila kimoja, chumvi kijiko kidogo 1 na pilipili kali ya unga nusu yake. Wenyewe huongeza mzizi mweupe uliokunwa uitwao horseradish, wenye kuwasha hata puani. Ukiukosa, haradali kidogo yatosha, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Koroga taratibu hata mabonge yaishe, wala usishtuke ukiiona sosi nyepesi kama maziwa, kwani ndivyo itakiwavyo ili ipenye nyamani.

Kamwe usiiteleke motoni. Mayonesi ni mafuta yaliyoshikamanishwa na siki kwa kiini cha yai, na ikichemka kiini huganda, mafuta yakajitenga, usiweze tena kuyapatanisha. Kwa hiyo mchome kuku mpaka aive kabisa, ndipo umchovye, kisha sosi iliyokwisha kuchovyewa uimwage, na ile ya mezani uliyoitenga mapema uihifadhi katika friji. Pilipili manga, tafadhali, isage saa ile ile ya kupika. Ile iliyokaa koponi miezi mingi haifai kwa sosi hii.