Ufupi wa Foleni si Ushahidi wa Huduma Bora

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Hawakutuachia, hata hivyo, kipimo cha subira yenyewe. Kazi hiyo iliwaangukia wanahisabati. Mnamo 1909, Agner Krarup Erlang, raia wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha makala kuonyesha kwamba simu zipigwazo kwa nasibu nazo zina kanuni zake. Hapo ndipo nadharia ya foleni ilipoanzia.

Tuchukue mfano wa zahanati yenye tabibu mmoja. Mgonjwa humchukua dakika 5 kwa wastani, wengine zaidi, wengine pungufu. Yaani aweza kuwahudumia 12 kwa saa. Wakifika wagonjwa 10 kila saa, kwa nasibu, kila mmoja atangoja takriban dakika 25. Wakiongezeka wakawa 11, muda huo waruka hadi dakika 55. Ameongezeka mgonjwa mmoja tu kwa saa, na kungoja kumezidi maradufu! Si haki basi kumlaumu tabibu kwa uvivu.

Tuseme sasa kwamba 2 kati ya wale 10 ni mahututi, nao watangulizwe, ila tabibu humaliza kwanza na mgonjwa aliye mbele yake. Kwa hesabu aliyoichapisha Alan Cobham mwaka 1954, mahututi watangoja dakika 5 na wenzao 30. Wale 2 wameokoa dakika 20 kila mmoja, jumla 40. Wale 8 wamepoteza 5 kila mmoja, jumla 40 vilevile. Hakuna dakika iliyookolewa bure. Zote zimetoka kwa wengine. Kumtanguliza mahututi ni uadilifu. Lakini anayempitisha jamaa yake mlango wa nyuma afahamu kuwa gharama italipwa, dakika kwa dakika, na wanyonge waliosimama nje.

Je, wakifika 15 kwa saa? Tabibu hawamudu, na foleni ingerefuka bila kikomo. Hairefuki hivyo kwa sababu watu huondoka, angalau 3 kila saa. Foleni itatulia, daftari litaonyesha 12 waliotibiwa, na msimamizi ataripoti kuwa mambo ni shwari.

Wanahisabati, tangu enzi za Conny Palm wa Uswidi, huwaita waondokao "wateja wasio na subira". Nikiwa mwanaisimu, nalitilia shaka jina hilo, kwani lamhukumu anayeondoka. Mama aliyeketi tangu alfajiri na mtoto mwenye homa, kisha akarejea nyumbani asikose gari la mwisho, hakupungukiwa na subira. Alichokosa ni huduma. Afadhali tumwite "aliyekatishwa tamaa", kwani jina hili latulazimu kuuliza ni nani aliyemkatisha.

Walimu wa hisabati wanaweza kulifundisha jambo hili kwa saa na kalamu tu. Wanafunzi na wasimame penye foleni yoyote, wajaze safu tatu: waliofika, waliohudumiwa na walioondoka bila kuhudumiwa. Wenye zahanati nao waiongeze safu hiyo ya tatu katika madaftari yao. Pasipo kuijaza, tutaendelea kuwasifu wasimamizi kwa foleni fupi, ilhali kilichoifupisha ni wagonjwa waliorudi makwao na maradhi yao.