Maumivu ya nyonga yasiyoisha: mwanamke wa Tabora aulizwe pia kuhusu maji

Mvua za Novemba zikishaloanisha mbuga za Igunga na Nzega, mkoani Tabora, wanawake huingia majarubani. Huinama kutwa wakipandikiza mpunga, maji yakiwafika magotini. Wengine hufulia nguo kwenye malambo, na watoto wao huogelea hapohapo. Miaka kadhaa baadaye baadhi yao hufika zahanati wakilalamikia maumivu chini ya kitovu. Huandikiwa dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au za PID (maambukizi ya kizazi na mirija), hupata nafuu ya siku chache, kisha maumivu hurudi. Ni nadra mtu kuwauliza walikulia wapi na walikuwa wakioga maji gani.

Katika mikoa ya magharibi mwa Tanzania, swali hilo linaweza kumwokoa mwanamke na miaka ya mateso na dawa zisizomhusu.

Wataalamu husema mtu ana maumivu sugu ya nyonga pale anapoumwa sehemu ya chini ya tumbo, kati ya kitovu na mapaja, kwa miezi sita au zaidi. Maumivu yanaweza kuwa ya kila siku au ya kuja na kuondoka. Yanaweza kuzidi wakati wa hedhi, wakati wa tendo la ndoa, wakati wa kukojoa au wa kwenda haja kubwa. Mitaani wengi huyaita chango, na msichana huambiwa yataisha akishazaa. Kauli hiyo imewachelewesha wengi. Hedhi inaweza kuuma kidogo siku moja au mbili, lakini maumivu yanayomlaza binti asiende shule kila mwezi, au yanayomfanya mke aliogope tendo la ndoa, yanahitaji uchunguzi.

Njia ya misafara na maji yake

Ili kuelewa kwa nini maji yana uzito hapa, tuanze na historia. Njia ya zamani ya misafara ya biashara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatiza Ugogo, ikaingia Unyamwezi na kupumzika Tabora, mji ambao wageni waliuita Kazeh. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857. Mwaka 1872 mmisionari Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara, jirani na mji, akiwasubiri wapagazi aliotumiwa na mwandishi wa habari Stanley kutoka pwani. Maandishi ya wasafiri hao yamejaa homa zao, kuhara kwao na vidonda vyao. Wanawake nao walikuwemo katika misafara, wakibeba vyungu, vyakula na watoto. Huko vijijini, wanaume wakiwa safarini na mizigo ya pembe za ndovu, sehemu kubwa ya kilimo ilibaki mikononi mwa wanawake na watumwa. Maumivu yao hayakupata mwandishi.

Msafara ulipanga vituo vyake kwa kufuata maji: visima, mito ya msimu na vidimbwi. Familia nyingi za wakulima na wafugaji bado zinaishi kwa hesabu hiyo, ingawa mabomba ya maji ya Ziwa Victoria sasa yamefika Nzega, Igunga na Tabora mjini. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha nchi hukauka. Konokono wa jamii ya Bulinus, anayebeba vimelea vya kichocho cha mkojo, ameyazoea maisha hayo. Dimbwi likikauka hujichimbia kwenye tope na kutulia kwa miezi, na mvua zikirudi huamka. Kwa hiyo lambo lililokuwa kavu Septemba haliwi salama Januari kwa sababu tu maji yake ni mapya.

Kichocho kinavyofika kwenye kizazi

Mgonjwa wa kichocho akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa na vimelea humwingia konokono. Humo huzaliana, kisha hutoka na kuogelea vikimtafuta binadamu. Hutoboa ngozi ndani ya dakika chache, bila jeraha la kuonekana. Mwilini hukua na kuwa minyoo inayokaa ndani ya mishipa ya damu kwa miaka, jike akitaga mayai kila siku. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, aliigundua minyoo hiyo Cairo mwaka 1851.

Watu wengi wanaifahamu dalili moja ya ugonjwa huu, nayo ni damu kwenye mkojo. Wasichoambiwa ni kwamba mishipa inayozunguka kibofu imeungana na ile ya viungo vya uzazi. Mayai mengi hayatoki na mkojo. Hunasa kwenye shingo ya kizazi, ukeni, ndani ya kizazi na hata kwenye mirija. Mwili huyazingira kama adui, na hapo hutokea uvimbe mdogo mdogo, michubuko inayotoka damu kirahisi, na makovu. Mwanamke huanza kuumwa chini ya tumbo, kuwashwa, kutokwa na uchafu, au kuona damu baada ya tendo la ndoa. Wengine hukosa watoto, au mimba hutunga nje ya kizazi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 56 wa Afrika kusini mwa Sahara wana kichocho cha viungo vya uzazi.

Ugonjwa wenye wagonjwa wengi hivyo hujifichaje? Kwanza, dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Pili, kipimo cha mkojo kinaweza kutoonyesha kitu. Watafiti waliowachunguza wanawake wilayani Mwanga, Kilimanjaro, katika miaka ya 1990 walikuta mayai kwenye shingo ya kizazi kwa takriban theluthi moja yao, wakiwemo ambao mkojo wao haukuwa na mayai. Tatu, watumishi wengi wa afya walihitimu bila kuonyeshwa jinsi madoa ambayo ugonjwa huu huyaacha kwenye shingo ya kizazi yanavyoonekana. Ndiyo maana mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu cha picha cha kuwasaidia kuyatambua.

Gharama ya kukosea ni kubwa kuliko bei ya dawa. Binti ambaye hajawahi kukutana na mwanamume huambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Mke mwaminifu hushukiwa, na ndoa huvunjika kwa sababu ya vimelea vilivyoingia mwilini mwake akiwa mtoto anayechota maji. Isitoshe, baadhi ya tafiti, zikiwemo za Zimbabwe na Tanzania, zimehusisha ugonjwa huu na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU.

Vyanzo vingine visisahaulike

Si kila maumivu ya nyonga Tabora ni kichocho. Endometriosisi, hali ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake, humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Maumivu yake huwa makali kuzunguka hedhi, na huweza kuendelea hata hedhi ikishakwisha. PID mara nyingi hutokana na klamidia au kisonono kisichotibiwa mapema, na huacha makovu yanayouma. Uvimbe wa kizazi, kushikamana kwa viungo baada ya upasuaji, kifua kikuu cha kizazi, matatizo ya kibofu na ya utumbo, vyote vinaweza kuhusika. Makovu ya ukeketaji, mila ambayo bado ipo Dodoma na Singida ilikopita njia ya misafara, yamo pia katika orodha. Na mwanamke mmoja anaweza kuwa na vyanzo viwili au vitatu kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wanastahili kuelezwa. Maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu na ubongo hubadilika. Ni kama mbwa aliyewahi kuvamiwa na fisi: baadaye hubweka hata upepo ukitikisa majani. Chanzo kinaweza kuwa kimetibiwa, lakini mishipa ikaendelea kupiga kelele, na misuli ya nyonga ikaendelea kujikaza kwa kujilinda. Kwa hiyo vipimo vikiwa safi, haimaanishi kwamba mama anadanganya au anadeka. Anaumwa kweli, na yapo matibabu ya maumivu ya namna hiyo.

Ukienda hospitali

Nenda na maelezo. Kwa miezi miwili hivi, andika kwenye daftari siku za hedhi, siku ulizoumwa, mahali panapouma na kilichozidisha au kupunguza maumivu. Taja dawa zote ulizokwisha kutumia, hata za mitishamba. Sema ulikulia wapi, kama uliwahi kukojoa damu utotoni, na kama unalima majaruba. Kama uliwahi kufanyiwa ukatili, unaweza kumwambia mtumishi unayemwamini, kwa kuwa nao huongeza maumivu ya aina hii.

Omba upimwe kabla ya kumeza tena antibayotiki. Kipimo cha mkojo, kipimo cha ujauzito, vipimo vya magonjwa ya zinaa na ultrasaundi ni mwanzo mzuri. Uchunguzi wa shingo ya kizazi unaofanywa kukinga saratani ni nafasi ya kutazama pia madoa ya kichocho. Tatizo likizidi uwezo wa zahanati au kituo cha afya, omba rufaa kwenda hospitali ya Kitete au ya Nkinga mkoani Tabora, au ya Bugando iliyopo Mwanza.

Usisubiri iwapo maumivu yamekuja ghafla na kwa ukali, umekosa hedhi huku ukiumwa na kuhisi kuzimia, una homa kali, unatokwa na damu nyingi, au umeona damu baada ya hedhi kukoma kabisa. Hizo ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Matibabu na kinga

Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, vidonge vinavyotolewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, baada ya kula. Dawa huua minyoo mikubwa lakini si michanga, hivyo huenda ikarudiwa. Haifuti makovu ya zamani, na ndiyo sababu kutibiwa mapema, tangu usichana, kuna faida kubwa. Endometriosisi hutulizwa kwa dawa za maumivu na za homoni, zikiwemo zile zinazotumika kwa uzazi wa mpango. Baadhi ya wagonjwa huhitaji upasuaji. Kuondoa kizazi kusiwe jibu la haraka, kwani wapo wanaoendelea kuumwa hata baada ya hapo.

Kwa maumivu yenyewe, parasetamoli na ibuprofeni husaidia, ila ibuprofeni iliwe na chakula na isitumiwe kiholela na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito. Maumivu ya mishipa ya fahamu yana dawa zake, kama amitriptilini kwa dozi ndogo, kwa maelekezo ya daktari. Kukanda kwa maji ya moto, kutembea, na kupumua taratibu kwa tumbo huku misuli ya nyonga ikilegezwa huleta nafuu. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukufundisha.

Kinga huanzia kwenye choo, kwa maana mzunguko wa kichocho hukatika mkojo usipofika majini. Mabuti husaidia majarubani. Maji ya kuoga yaliyotoka lamboni yakihifadhiwa siku mbili kwenye chombo kisafi kisicho na konokono, vimelea hufa.

Kwa miaka mingi dawa ya kichocho imekuwa ikigawiwa zaidi shuleni. Watoto wanaistahili, lakini mama anayepandikiza mpunga na dada aliyeacha shule mara nyingi hawafikiwi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba katika maeneo yenye maambukizi mengi dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo watu wazima, wanaonyonyesha, na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Kliniki za mama na mtoto, ambazo wanawake huzifikia hata vijijini, ni mahali panapofaa pa kuanzia. Halmashauri za ukanda huu ziitengee kazi hiyo bajeti, na kila mtumishi wa kliniki afundishwe kuzitambua dalili za kichocho cha viungo vya uzazi kabla hajaandika dozi nyingine ya antibayotiki.